Tope la Bandarini Lina Kazi

(Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wavuvi, walimu na wazee wa mtaa huko Likoni.)

Mwaona nimeleta chupa tatu na kuziweka mezani, na nimekwisha kusikia watu wakinong'onezana kwamba labda ni dawa. Si dawa. Chupa ya kwanza ina mchanga wa pwani na maji ya bahari. Ya pili ina tope jeusi na maji ya bahari. Ya tatu ina tope lile lile la chupa ya pili, ila hilo nililianika juani na kulimwagia maji matamu mara nyingi kwa muda wa miezi kadha. Nitazirudia chupa hizo baadaye.

Sisi twaishi kando ya maji ambayo wazee wetu waliyaita Kilindini, yaani mahali penye kilindi. Jina hilo ni la haki, walakini kilindi cha wazee kilipimwa kwa majahazi. Meli za makontena za siku hizi hutaka maji mengi zaidi chini ya matumbo yao, na kwa hiyo katika miaka ya 2011 na 2012 mfereji wa kuingilia bandari yetu ulichimbuliwa hata ukapata kina cha mita 15, na mahali pa kugeuzia meli pakapanuliwa. Tena kazi ya namna hiyo haina mwisho. Mfereji ukisha kuchimbuliwa, maji huanza kuujaza tena, kama vile mtu achimbaye shimo mchangani wakati maji yanapojaa.

Basi swali langu la leo ni moja. Kile kinachotolewa chini ya bahari kinakwenda wapi, na je, hakina kazi nyingine ila kutupwa?

Jibu la zamani, katika nchi nyingi, lilikuwa jepesi. Meli ya kuchota tope ilikwenda mbali kidogo, ikafungua tumbo lake, ikarudi. Kazi hiyo ni rahisi kwa fedha, na hesabu yake huandikwa katika mstari mmoja. Lakini kuna hesabu nyingine isiyoandikwa humo, nayo ni ya mvuvi ambaye dema lake limejaa tope, na ya mama auzaye samaki ambaye asubuhi ameona ndoo tupu. Ninyi mwajua jambo hilo kuliko mimi. Malalamiko ya wavuvi wa Mombasa na Kwale juu ya maji kuchafuka wakati wa kuchimbua na kuchota mchanga yamesikiwa mara nyingi, na madai ya fidia yamekuwa marefu. Sikuja kuyahukumu madai hayo. Nimekuja kusema habari ya tope lenyewe.

Yafaa kwanza tujue asili yake. Tope la bandarini halikuzaliwa baharini. Sehemu kubwa ni udongo wa shamba la mtu. Mvua inyeshapo Kinango na milima ya nyuma yetu, mto Mwache huleta udongo hata Port Reitz. Kaskazini, mto ule ambao juu huitwa Athi, kati huitwa Galana, na karibu na bahari huitwa Sabaki, hubeba udongo kutoka Ukambani na nchi za juu mpaka Malindi, na mtu yeyote aliyesimama pale wakati wa mvua ameona bahari imekuwa nyekundu. Ufuko wa Malindi umesogea mbele kwa sababu ya mzigo huo.

Ushahidi wa mambo haya umehifadhiwa katika tumbawe. Mwaka 2007 wataalamu walitoa habari ya tumbawe moja la Malindi lililokuwa limeishi miaka 300 hivi. Tumbawe hukua tabaka juu ya tabaka, kama mti, na katika kila tabaka hubaki alama ya kile kilichokuwamo majini mwaka ule. Waliposoma tabaka hizo waliona kwamba katika karne ya 18 na ya 19 udongo ulioletwa na mto ulikuwa kidogo, ukibadilika kidogo tu. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, wakati mashamba ya walowezi yalipofunguliwa na wenyeji wakasongwa katika nchi nyembamba, udongo ukaanza kuzidi, nao ukaendelea hivyo. Twaambiwa kwamba mawe hayasemi. Jiwe hili lilisema hata mwaka.

Nasema hivyo ili mtu asidhani tope ni uchafu kwa tabia yake. Ni mali iliyopotea njia. Shida yake ni kwamba limefika mahali lisipotakiwa, tena limefika likiwa limechanganyika na chumvi, na pengine na mafuta, risasi na zebaki kutoka mijini. Kazi ni kulipeleka panapotakiwa, nalo liwe katika hali ya kufaa.

Sasa nitawachukua mbali kidogo, mpaka Marekani, kwa sababu huko iko bandari iliyolazimika kujibu swali letu kabla yetu. Bandari hiyo ni Baltimore, katika jimbo la Maryland. Iko ndani kabisa ya ghuba ndefu iitwayo Chesapeake, na ghuba hiyo si ya kina kirefu. Meli kubwa haziwezi kufika gatini pasipo mifereji iliyochimbwa, na mifereji hiyo hujaa tope kila mwaka kwa mamilioni ya yadi za ujazo.

Hapo kwanza walifanya kisiwa cha boma cha kutilia tope, mahali paitwapo Hart-Miller. Watu waliokaa karibu hawakupenda, wakaenda mahakamani, na mabishano yakachukua miaka. Mwishowe kisiwa kilijengwa, kikapokea tope tangu 1984 hata 2009, na leo sehemu yake ni mahali pa watu kutembea na kupumzika. Lakini uchungu wa ile kesi haukusahauliwa upesi, na walipotafuta mahali pengine walijua kwamba kuwaita watu baada ya mambo kukatwa ni sawa na kuwaita katika matanga.

Mahali hapo pengine palikuwa kisiwa kiitwacho Poplar, karibu maili 34 kusini ya Baltimore. Kisiwa hiki kilikuwa na historia yake. Kilipopimwa mwaka 1847 kilikuwa na zaidi ya ekari 1,100. Baadaye palikuwa na watu kama mia moja, wakulima na wavuvi, wenye shule yao, kanisa na duka. Husimuliwa pia kwamba tajiri mmoja alipeleka huko paka weusi kwa mamia ili auze ngozi zao, akawa akiwaletea samaki kwa mashua. Siku moja za baridi kali maji ya ghuba yaliganda, mashua isifike, na paka wakatembea juu ya barafu wakaenda zao. Sidai kwamba kila neno katika hadithi hiyo ni kweli.

Lililo kweli ni kwamba bahari ilikila kisiwa. Mawimbi yaliula ukingo mwaka kwa mwaka, watu wakahama katika mwanzo wa karne ya 20, na ilipofika miaka ya 1990 palikuwa pamebaki ekari 5 hivi, tena zimekatika vipande vipande. Ekari 5 katika 1,100! Mzee aliyezaliwa pale hangaliweza kumwonyesha mjukuu wake mahali pa nyumba ila kwa kunyosha kidole majini.

Basi jeshi la wahandisi la Marekani, ambalo ndilo lenye kazi ya mifereji, pamoja na mamlaka ya bandari ya Maryland, walipatana kukirudisha kisiwa kwa tope la mifereji ile. Kazi ilianza 1998. Hawakumwaga tope ovyo majini. Kwanza walizungusha boma la mchanga na mawe makubwa kufuata mipaka ya zamani ya kisiwa, kisha wakagawanya sehemu ya ndani kwa kuta ndogo, mfano wa majaruba ya mpunga, ila jaruba moja laweza kuwa na makumi ya ekari. Mwaka 2001 tope la kwanza liliingia.

Nitaeleza kidogo namna inavyofanywa, maana hapo ndipo elimu yote ilipo. Tope huchotwa katika mfereji na kutiwa katika matishari, nayo huvutwa mpaka kisiwani. Huko huchanganywa na maji likapigwa kwa pampu ndani ya mabomba hata likaingia jaruba. Linapotulia, maji hubaki juu. Maji hayo hupimwa kabla ya kufunguliwa kurudi baharini. Kisha huja kazi ya kungoja, nayo ndiyo ngumu kwa watu wenye haraka. Tope hukauka juu kama ukoko wa wali, na chini yake bado ni uji. Huchimbwa mifereji midogo ili maji yajichuje, na tope hushuka na kusinyaa, na pengine huongezwa jingine juu yake. Yapita miaka kabla ya mtu kuweza kupanda kitu.

Upande wa magharibi, wenye mawimbi makali, umekusudiwa kuwa nchi ya juu yenye miti. Upande wa mashariki ni wa nyasi za maji chumvi, na huko vijito huchongwa, miche hupandwa kwa mkono, kisha boma hufunguliwa ili maji yaingie na kutoka. Kimo cha udongo hapo sharti kiwe sawa kabisa. Ukikosea inchi chache kwenda chini, nyasi huzama na kufa, na ukikosea kwenda juu, maji hayafiki na magugu ya bara huingia. Hata rutuba ilileta taabu, jambo ambalo sisi wakulima tungalicheka kulisikia. Tope lile lilikuwa na mbolea nyingi mno, nyasi zikarefuka upesi majani yakiwa mazito na mizizi haba, na sehemu nyingine zikalala na kufa. Ilibidi wajifunze upya.

Hata hivyo viumbe havikungoja ruhusa. Ndege wa aina zaidi ya mia mbili wameonekana huko, membe na yangeyange wakitaga. Tangu 2002 kobe wadogo wa maji chumvi, ambao katika ghuba ile walikuwa wamepungukiwa na fuko za kutagia, walianza kutaga katika mchanga wa kisiwa. Watoto wa shule hupewa vikobe vilivyoanguliwa, huvilea darasani wakati wa baridi, na baadaye huvipeleka kisiwani kuviachilia. Napenda sana jambo hilo. Mtoto aliyemlea kobe hatauliza tope lina faida gani.

Kisiwa kimekwisha kuongezewa eneo, na kuta za nyongeza hiyo zilimalizika mwaka 2021. Kikisha kamilika kitakuwa na ekari 1,715, na kitakuwa kimemeza yadi za ujazo milioni 68 hivi za tope. Gharama yake yote yahesabiwa kuwa zaidi ya dola bilioni moja. Sitaificha hesabu hiyo, maana mtu akiwaambia kwamba tope ni mali ya bure, anawadanganya. Kutupa ni rahisi kuliko kutumia. Swali ni nani alipaye ile tofauti, na kama hailipi bandari, basi kwa kawaida hulipwa na mvuvi.

Kuna njia nyingine zisizohitaji kisiwa. Katika jimbo la Illinois, huko huko Marekani, ziwa la Peoria lililo katika mto Illinois lilijaa udongo wa mashamba ya mahindi hata maji yakawa mafupi sana. Mwaka 2004 tope lake lilipakiwa katika matishari, likasafirishwa zaidi ya maili 150 mpaka Chicago, likatandazwa juu ya kiwanja cha kiwanda kikubwa cha chuma kilichofungwa. Pale hapakuwa na udongo, ila makaa na mabonge ya takataka za tanuri. Udongo uliotoka shambani ukaota nyasi tena. Hilo lilikuwa tope la maji matamu, na kwa hiyo kazi ilikuwa nyepesi.

Tope la bahari ni jambo jingine. Waholanzi, ambao wamepigana na maji kwa karne nyingi, walianza mwaka 2018 huko Delfzijl kulichukua tope la bandari na la ghuba yao na kulitandaza katika viwanja, wakiliacha mvua ilioshe chumvi na upepo ulikaushe, na kulipindua mara kwa mara, hata baada ya miaka kadha likawa udongo mgumu wa mfinyanzi. Udongo huo wakautumia kujengea ukuta mpana wa kuzuia bahari, wenye nyasi juu. Huko hulisema tope linaiva, kama embe. Nami naona neno hilo ni zuri kuliko maneno mengi ya wahandisi.

Sasa turudi kwetu. Mtu atasema, "Haya, tuchukue tope la Kilindini tukalimwage katika mikoko iliyokatwa, miti iote." Bwana, polepole. Mwakumbuka mvua za El Niño za 1997 na 1998. Mto Mwache uliteremsha udongo mwingi mno katika hori yake, na mikoko ikafa pale pale iliposimama. Haikufa kwa sumu. Mizizi yake ya kupumulia ilizikwa. Mchu na mlilana hupumua kwa vile vijiti vinavyosimama juu ya tope, na ukivifunika kwa ghafula ni kama kumfunga mtu kitambaa puani. Tope lile lile lililo chakula cha mkoko likiwa kidogo na la polepole, huwa kaburi lake likija kwa wingi. Tena tusiige Poplar kwa macho yaliyofungwa. Kule maji hujaa na kupwa kwa chini ya futi 2. Kwetu, siku za bamvua, tofauti ni zaidi ya futi 10. Kimo kinachofaa huko si kimo chetu, na ukuta wa huko si ukuta wetu.

Hata jua letu lina neno lake. Tope jeusi lenye harufu ya mayai yaliyooza lina kiberiti ndani yake. Maadamu limo majini, limelala. Likitolewa kuanikwa, hewa hulibadili, likatoa asidi kali inayoweza kuua mimea na samaki wa karibu. Kwa hiyo hupimwa kwanza, na pengine huhitaji chokaa. Chokaa, nashukuru, si kitu kigeni katika pwani hii.

Mchanga ni rahisi zaidi. Mchanga safi wajaza nchi, warudisha fuko zilizoliwa, na gati la makontena la pili pale Kipevu, lililofunguliwa 2016, limesimama juu ya ardhi iliyofanywa kwa kuijaza bahari. Lakini angalieni jambo moja. Mchanga unaotoka katika mfereji ambao ni sharti uchimbuliwe ni faida mara mbili. Mchanga unaokwenda kuchotwa mahali pengine, katika sakafu ya bahari wavuapo watu, ati kwa sababu twataka kujenga, huo si sawa na ule wa kwanza, na watu hupenda kuviita vitu hivyo viwili kwa jina moja. Mimi sikubali.

Nchi yetu imo katika Mkataba wa London wa 1972 juu ya kutupa vitu baharini, na Itifaki yake ya 1996 yataka tope lipimwe, na matumizi mengine yafikiriwe kabla ya kutoa ruhusa ya kulitupa. Basi mkialikwa kusikia maoni juu ya mpango wa kuchimbua, msiulize fidia peke yake. Ulizeni tope limepimwa wapi, na kwa kina gani. Ulizeni ni kiasi gani mchanga na ni kiasi gani tope laini. Ulizeni kazi itafanywa miezi gani, kaskazi au kusi, maana mkondo wa maji haukai upande mmoja mwaka mzima. Na ninyi mnao ujuzi ambao haumo katika karatasi zao: mwajua samaki huzalia wapi, na mwajua tope huelekea wapi maji yakipwa. Jambo hilo liandikwe kabla, si baada.

Sasa chupa zangu. Nitatikisa hii ya kwanza. Mwaona, mchanga umekwisha kushuka, na maji ni meupe kabla sijamaliza kusema. Nitatikisa ya pili. Hii nimekuwa nikiitikisa nyumbani, na asubuhi yake maji bado yalikuwa na ukungu. Ndiyo sababu tope laini husafiri mbali na mahali lilipomwagwa, na ndiyo sababu huko Poplar huwekwa nyuma ya boma kwanza. Ya tatu, mwaona, ina mche wa mchicha. Mche wa kwanza niliopanda ulikufa kwa chumvi, na wa pili pia. Huu ni wa tatu, una majuma matatu, na majani yake bado ni madogo kuliko ya mchicha wa shambani.

Zitapita mikononi mwenu zote tatu. Hiyo ya katikati msiifungue kizibo humu ndani, tafadhali. Mzee aliye pale nyuma aliinua mkono tangu nilipoutaja Mwache, nami nitapenda kumsikia kwanza, maana yeye alikuwako.